Somo la 9: Kiongozi wa Hoteli na Mfanyakazi Anayefunga Bomba

MASOMO YA REDIO KWA WATU WAZIMA
Maandishi ya somo, kwa matumizi ya madarasa ya kisomo

Fungueni madaftari, shikeni penseli. Na wewe unayelisoma somo hili baada ya kulisikia, soma polepole, aya moja moja. Neno usilolifahamu lipigie mstari. Mwisho wa somo utakuta maana za maneno magumu, na maswali ya kuzungumza na wenzako.

Leo tunataka kuzungumza juu ya kazi ya hoteli. Watu wengi wa pwani yetu hupata riziki kwa kazi hiyo, toka Lamu, Malindi na Mombasa mpaka Unguja na Mafia. Pengine wewe mwenyewe ni mpishi, dobi, mlinzi, mtunza bustani au mtandika vyumba. Kama si wewe, ni mwanao au jirani yako.

Swali letu ni hili. Mfanyakazi anaona maji yanamwagika bure. Anaona taa zinawaka katika chumba kisicho na mtu. Anaona uchafu unatiririka kwenda baharini. Kwa nini mmoja hulishughulikia jambo hilo, na mwingine hupita kama kwamba hakuona?

Watu wengi hujibu upesi, "Yule ana moyo wa kazi, huyu ni mvivu." Jibu hilo lina ukweli kidogo, lakini halitoshi. Maana hutokea mara nyingi mtu yule yule akahama hoteli moja akaenda nyingine, akabadilika kabisa. Kwanza alikuwa mzito, sasa ni mwepesi. Macho yake ni yale yale, na mikono ni ile ile. Aliyebadilika ni mkubwa wake wa kazi. Basi leo tumtazame huyo mkubwa.

1. HOTELI NA MAZINGIRA

Mazingira ni vitu vyote vinavyotuzunguka: ardhi, maji, hewa, miti, wanyama, na bahari na vyote vilivyomo.

Hoteli hutumia mazingira kila siku, kama jiko linavyotumia kuni. Mgeni huoga asubuhi, na tena jioni atokapo baharini. Shuka na taulo zake hufuliwa. Chakula hupikwa kwa wingi, kingine huliwa, kingine hubaki. Usiku kucha taa huwaka na mashine za kupoza hewa hunguruma. Na kila kinachoingia hotelini lazima kitoke. Maji safi hutoka yakiwa machafu. Chakula hutoka kikiwa mabaki. Chupa iliyojaa hutoka ikiwa tupu. Huendaje, na huenda wapi?

Katika pwani jambo hili ni zito. Vijiji vingi hupata maji ya visima, na maji hayo ni mvua iliyozama katika mawe ya matumbawe. Chini ya maji hayo baridi kuna maji ya chumvi. Maji baridi ni mepesi zaidi, kwa hiyo hukaa juu. Lakini yakivutwa mno kwa pampu, maji ya chumvi hupanda, na kisima huharibika. Hoteli ikipoteza maji ovyo, anayeonja chumvi hiyo si mgeni, kwa kuwa mgeni amekwisha panda ndege kurudi kwao. Anayeionja ni mama wa kijijini akichota maji ya kumpikia mwanawe uji.

Bahari nayo ni vivyo hivyo. Matumbawe huonekana kama mawe, lakini yamejengwa na wanyama wadogo wadogo walio hai. Wanyama hao hujijengea nyumba za chokaa, na katika nyumba hizo samaki hujificha, hula na kukua. Mwamba wa matumbawe pia hupunguza nguvu za mawimbi kabla hayajafika ufukoni. Maji ya vyoo yakimwagwa baharini, mwani hupata chakula kingi, ukaota kwa wingi na kuyafunika matumbawe, nayo yakafa. Samaki wakikosa makao hupungua. Hapo mvuvi hurudi na dau tupu. Na mgeni aliyetoka mbali kuja kutazama samaki, mwaka ujao atakwenda nchi nyingine.

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ukarimu unaomwachia mwenyeji kisima cha chumvi na bahari isiyo na samaki haujamponya mwenyeji.

2. HESABU YA BOMBA

Sasa andikeni hesabu hii.

Tuseme katika chumba kimoja cha hoteli bomba linavuja. Chini yake umeweka kikombe cha robo lita, nacho kinajaa kwa dakika 1.

Saa 1 ina dakika 60. Robo lita mara 60 ni lita 15.
Siku 1 ina saa 24. Lita 15 mara 24 ni lita 360.
Ndoo moja kubwa huchukua lita 20. Lita 360 gawanya kwa 20 ni ndoo 18.
Mwezi wa siku 30 ni ndoo 18 mara 30, yaani ndoo 540.

Fikiri, ndugu msomaji. Mwanamke anayechukua ndoo moja kichwani angekwenda kisimani na kurudi mara 540 ili apate maji yaliyopotea kwa mwezi mmoja katika bomba moja la chumba kimoja.

Sasa jiulize, nani ataliona bomba hilo kwanza? Meneja yuko ofisini na makaratasi yake. Mwenye hoteli pengine yuko Nairobi, Dar es Salaam, au Ulaya. Hesabu ya maji au ya mafuta ya pampu huja mwisho wa mwezi, na wakati huo ndoo 540 zimekwisha kwenda. Anayeliona kwanza ni yule anayeingia chumbani kutandika kitanda.

Mkubwa hawezi kutoa amri juu ya jambo asilolijua. Hawezi kusema, "Kalitazame bomba la chumba cha 12," kama hajui kwamba linavuja. Lazima mtandika vyumba aanze mwenyewe, alifunge kama anaweza, au amwite fundi, au atoe habari. Kiswahili kina neno zuri kwa tabia hiyo, nalo ni kujituma. Mtu anayejituma hujipa kazi kabla ya kutumwa na mwingine.

Katika kulinda mazingira, kazi nyingi ni za namna hiyo. Kuzima taa, kutenga chupa na mabaki ya chakula, kumwambia mpishi mkuu kwamba mikate inabaki kila asubuhi, kumwonyesha mgeni kwa adabu mahali pa kutundika taulo ili isifuliwe bila sababu. Mambo haya hayaandikwi yote katika mkataba wa kazi, na msimamizi hawezi kusimama nyuma ya kila mtu. Hufanywa na mtu anayetaka kuyafanya.

Basi, mtu hutakaje? Na kiongozi humfanyaje atake, au asitake?

3. AINA TATU ZA VIONGOZI

Ziko habari za majaribio mashuhuri yaliyofanywa huko Marekani katika jimbo la Iowa. Wataalamu watatu, Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White, walitoa maandishi yake mwaka 1939. Lewin alikuwa Myahudi aliyeishi Ujerumani, naye aliiacha nchi hiyo mwaka 1933, Hitler aliposhika utawala. Kwa hiyo swali la mkubwa na watu wake halikuwa mchezo kwake. Alikuwa ameuona ubaya wa utawala wa mabavu kwa macho yake.

Wataalamu hao waliunda vikundi vya watoto wa kiume wa umri wa miaka 10 hivi, wakawapa kazi za mikono, kama kutengeneza sura za bandia za kuvaa usoni. Kisha waliwapa viongozi wa namna tatu.

Kiongozi wa kwanza alikuwa wa amri. Aliamua kila kitu yeye. Aliwaambia watoto hatua moja tu kwa wakati mmoja, wasijue kazi inakwenda wapi. Alisifu na kulaumu apendavyo.

Kiongozi wa pili alikuwa wa mashauriano. Aliwaeleza watoto kazi nzima tangu mwanzo, akazungumza nao jinsi ya kuifanya, akawaacha wagawane kazi, naye akasaidia. Aliposifu au kulaumu, alieleza sababu.

Kiongozi wa tatu tumwite kiongozi wa "shauri yenu". Aliwapa vifaa, kisha akakaa pembeni. Hakuongoza, wala hakushauri isipokuwa ameulizwa.

Ilikuwaje? Watoto wa kiongozi wa amri walifanya kazi nyingi alipokuwa akiwatazama. Lakini wataalamu walikuwa wamepanga kwamba mara nyingine kiongozi atoke nje. Alipotoka, kazi ya watoto hao ilianguka vibaya. Watoto wa kiongozi wa mashauriano waliendelea na kazi karibu vile vile, awepo au asiwepo. Na wale wa "shauri yenu" hawakufanya kazi ya maana, wakacheza na kuchoka bure.

Waswahili tuna methali, "Paka akiondoka, panya hutawala." Majaribio haya yanatuonyesha kwamba methali hiyo ni kweli mahali ambapo kiongozi ni paka.

Utasema, "Mwalimu, hao walikuwa watoto, tena wa nchi ya mbali." Unasema kweli, na haifai kuchukua habari za watoto wa Iowa tukazivika wapishi wa Mombasa bila kufikiri. Lakini ndani yake mna jambo linalotuhusu sana. Hotelini mkubwa hayupo kwa muda mwingi. Mtandika vyumba hufanya kazi peke yake na mlango umefungwa. Mlinzi huzunguka usiku watu wamelala. Mtunza bustani yuko mwisho wa uwanja. Kazi ya hoteli, kwa sehemu kubwa, hufanywa paka akiwa ameondoka.

Mmarekani mwingine, Robert Greenleaf, aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni kubwa ya simu, aliandika mwaka 1970 kwamba kiongozi mwema kwanza ni mtumishi. Alisema tumpime kiongozi kwa watu wake. Je, wanakua? Je, wanapata akili zaidi, uhuru zaidi, na uwezo wa kusimama wenyewe? Watu wa hoteli wanalifahamu neno mtumishi vizuri. Wao hulifundishwa kwa mgeni siku ya kwanza ya kazi. Greenleaf alitaka meneja naye alifanye kwa mfanyakazi.

4. MLINZI WA USIKU

Tutoe mfano. Mfano huu ni wa kufikiriwa, lakini mtu yeyote aliyefanya kazi hotelini ataufahamu.

Katika kijiji cha pwani ziko hoteli mbili, ukuta kwa ukuta. Kila moja ina mlinzi wa usiku. Saa nane ya usiku shimo la maji machafu la hoteli ya kwanza limefurika. Maji meusi yanapita chini ya ukuta, yanateremka ufukoni. Maji yakitoka, kina mama watakuja hapo hapo asubuhi kutafuta pweza, na watoto watakuja kuogelea. Mlinzi anayaona maji hayo na kuisikia harufu yake.

Mlinzi huyo anakumbuka mambo mawili. Mwaka uliopita mwenzake alipiga simu usiku kuhusu pampu. Meneja alimjibu, "Kazi yako ni lango. Mambo ya pampu yana wenyewe." Tena mtunza bustani alipotoa habari za mafuta yaliyomwagika, aliulizwa mbele ya watu, "Na wewe ulikuwa wapi yakimwagika?" Akakatwa mshahara. Basi mlinzi anageuka, anarudi langoni, anakaa kitini. Asubuhi akiulizwa atasema hakuona kitu.

Usiku mwingine jambo lile lile linatokea katika hoteli ya pili. Mlinzi wa huko naye analo la kukumbuka. Siku alipoanza kazi, meneja alimtembeza uwanja mzima. Alimwonyesha shimo liko wapi, maji yanakwenda wapi, na kwa nini yasifike baharini. Alimpa namba ya simu ya fundi, akamwambia, "Ukiona, mpigie. Usiningoje mimi." Mtandika vyumba alipovunja bomba na kusema mwenyewe, hakutukanwa. Aliulizwa, "Tufanyeje lisivunjike tena?" Basi mlinzi huyu anampigia fundi. Kabla ya alfajiri pampu inafanya kazi, na mchanga uliochafuka umekwisha ondolewa.

Walinzi hawa wawili pengine ni ndugu, mtu na kaka yake, waliolelewa na mama mmoja. Lakini mmoja amefundishwa na mkubwa wake kwamba kuona ni hatari. Mwingine amefundishwa kwamba kuona ni sehemu ya kazi.

Na angalia, hakuna aliyemwambia mlinzi wa kwanza maneno haya, "Ukiona uchafu, nyamaza." Pengine meneja wake ana tangazo zuri ukutani, "Hoteli Yetu Inapenda Mazingira." Lakini mfanyakazi hasomi ukuta. Anasoma uso wa mkubwa siku mwenzake alipoleta habari mbaya.

5. KISIWA CHA CHUMBE

Sasa tutoke katika mfano, tuende mahali palipo kweli.

Kusini ya mji wa Unguja kiko kisiwa kidogo kiitwacho Chumbe, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba wa matumbawe wa upande wa magharibi wa kisiwa kuwa hifadhi, watu wasivue humo. Baadaye katika miaka hiyo ya 1990 zilijengwa nyumba 7 za wageni, na fedha za wageni hao husaidia kutunza hifadhi.

Chumbe hakuna mto wala kisima cha maji baridi. Kwa hiyo paa za nyumba zilijengwa ili zikusanye maji ya mvua, nayo huchujwa na kuwekwa katika birika chini ya sakafu. Umeme hutoka kwa jua. Vyoo havitumii maji, uchafu huozeshwa mpaka ukawa kama udongo. Maji ya kuogea hupitishwa katika bustani maalum ya mimea ili yasiingie baharini yakiwa machafu.

Lakini leo tunawatazama watu wake zaidi ya majengo. Walinzi wa mwamba ule walichukuliwa kwa wavuvi wa vijiji vya karibu. Mtu mwingine angesema, "Mvuvi ndiye anayeharibu, tumfukuze, tulete askari." Waliouanzisha mradi hawakufanya hivyo. Waliwafundisha wavuvi habari za matumbawe na samaki, jinsi ya kuongoza wageni, na jinsi ya kuandika yale wanayoyaona. Walinzi hao hawachukui bunduki. Dau likiingia katika hifadhi, huliendea na kuzungumza na mvuvi mwenzao, wakamweleza kwamba samaki wanaokua ndani ya hifadhi hutoka nje, wakawa riziki yake. Kisha huandika habari hizo katika daftari.

Yuko nyota wa bahari mwenye miiba, ambaye hula matumbawe. Alipozidi, ilianzishwa kazi ya kumwondoa katika mwamba wa Chumbe. Kazi kama hiyo yataka mtu anayeujua mwamba jiwe kwa jiwe, na atambue upesi kwamba leo pana kitu ambacho jana hakikuwapo. Aliyevua katika bahari ile tangu utoto analo jicho hilo. Mwaka 2000 mradi wa Chumbe ulipata tuzo ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa.

Tunajifunza nini? Kwamba mtu hulinda kitu anachokifahamu, na ambacho amepewa madaraka juu yake. Mvuvi aliyepewa elimu na madaraka akawa mlinzi. Mtandika vyumba naye anaweza kupewa hayo. Hahitaji kisiwa, anahitaji mkubwa wa kumweleza na kumwamini.

6. AMRI INA MAHALI PAKE

Tusije tukakosea. Hatusemi kwamba amri ni mbaya siku zote. Moto ukiwaka jikoni, hakuna mkutano. Na sheria ni sheria. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Mambo hayo hayakungoja kila mtu akubali moyoni. Wazee walisema pia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Lakini amri hufaa zaidi kwa jambo linaloonekana na kuhesabika. Mfuko wa plastiki huonekana mkononi. Bomba linalovuja katika chumba kilichofungwa halionekani. Amri inaweza kumzuia mtu asifanye kosa, lakini ni vigumu imfanye atafute la kutengeneza.

Tena, kiongozi wa "shauri yenu" asijidanganye kwamba yeye ni mwema kwa sababu hagombi na mtu. Akipewa habari ya bomba husema, "Vizuri, tutaona," na haoni kamwe. Baada ya mara tatu mfanyakazi huchoka. Huyu naye huua kujituma, ingawa huua kwa upole.

Na yuko mwingine wa kumwangalia. Ni yule anayesema, "Jitumeni, jitumeni," lakini amempa mtu mmoja vyumba vingi kupita uwezo wake. Mtu huyo atapata wapi dakika ya kutenga takataka? Hoteli ikiokoa fedha kwa juhudi za wafanyakazi, na wao wasipate hata shukrani, juhudi hiyo haitadumu. Kujituma ni hiari. Kukigeuzwa kuwa kazi ya bure, watu watarudi kujificha.

7. MAMBO YA KUFANYA

Kama wewe ni kiongozi wa watu hotelini, hata wawili tu, shika mambo haya matano.

Kwanza, eleza sababu. Usiseme tu, "Usimwage mafuta ya kukaangia hapa." Sema yanakwenda wapi na yanamdhuru nani.

Pili, anza wewe. Ukitoka ofisini, zima taa. Ukikuta chupa njiani, iokote. Wafanyakazi wanakutazama kuliko unavyofikiri.

Tatu, pokea habari mbaya vizuri. Aliyeileta mshukuru kwanza, mbele ya wenzake. Uliza, "Tufanyeje?" kabla ya kuuliza, "Nani amefanya?"

Nne, toa madaraka na vifaa. Mtu awe na ruhusa ya kufunga bomba na kumwita fundi bila kungoja sahihi tatu. Na awe na muda.

Tano, rudisha jibu. Aliyetoa shauri aambiwe limefika wapi. Kama halikuwezekana, aambiwe kwa nini.

Na kama wewe ni mfanyakazi usiye na cheo, na mkubwa wako ni wa amri, je, ukae kimya? Si lazima. Anza na jambo dogo ambalo liko mikononi mwako na halimgusi mtu. Kisha lihesabu, kama tulivyohesabu leo. Mkubwa anayekataa maneno ya mtandika vyumba pengine atasikiliza ndoo 540. Nenda na wenzako wawili watatu, kwa adabu, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa. Na siku moja ukipewa usimamizi, wakumbuke wale watakaokuja kwako na habari mbaya usiku.

Hapo ndipo mwisho wa somo letu la leo. Katika somo lijalo tutazungumza juu ya kuandika barua ya kazi, na jinsi ya kutoa habari kwa mkubwa kwa maandishi. Njooni na kalamu na bahasha. Kwaherini, mabibi na mabwana.

MANENO MAGUMU

Hifadhi: mahali palipolindwa ili viumbe vyake visiharibiwe.
Kujituma: kufanya kazi kwa hiari kabla ya kuagizwa.
Madaraka: uwezo na ruhusa ya kuamua jambo.
Majaribio: kazi ya kupima jambo ili kujua ukweli wake.
Matumbawe: mawe ya baharini yaliyojengwa na wanyama wadogo.
Mashauriano: mazungumzo ya watu wanaotafuta shauri pamoja.
Mkataba: maandishi ya mapatano ya kazi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Bomba linajaza kikombe cha robo lita kwa dakika 2. Ni ndoo ngapi za lita 20 zinazopotea kwa siku 30?
2. Mlinzi wa kwanza alirudi langoni akakaa. Je, kosa ni lake, ni la meneja, au ni la wote wawili? Toeni sababu.
3. Katika kijiji chenu, maji machafu ya hoteli, mikahawa na nyumba huenda wapi? Nani huyaona kwanza?
4. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Je, mkuu asiyesikia la mdogo hupatwa na nini? Toeni mfano mnaoujua, bila kutaja jina la mtu.
5. Andika sentensi tatu za kumweleza msimamizi wako jambo moja linaloharibu mazingira mahali pa kazi, na njia ya kulitengeneza.